Dengu Zinazoonjwa Bila Chai

Asubuhi hii mjini Karatu, karai limeshaepuliwa, na Marsela Valeriani anamwekea mgeni wake dengu za kukaanga kiganjani. Mgeni ni Nanyokie, mama wa kifugaji aliyeshuka kutoka Ngorongoro na vibuyu vyake vya maziwa. Anatia dengu mdomoni na kufumba macho.

"Sema kinachoshika mdomo, yeyo," Marsela anamwambia kwa heshima, kama wafugaji wanavyomwita mama. "Kikibadilika, sema tena."

"Inalia menoni," anasema Nanyokie. Anatafuna. "Sasa chumvi." Anatafuna zaidi. "Sasa unga."

Marsela anabana pumzi. Baada ya unga ndipo balaa lilipokuwa likianzia.

Kwa miaka sita mama huyu wa watoto wanne ameuza dengu kwenye mnada wa ng'ombe. Mwaka jana, 1985, shamba halikutoa kitu, nyumba ikabaki kulishwa na karai. Mwaka huohuo wateja wakaanza kumkwepa.

"Nilidhani nimerogwa," anasema, na wala hatanii. "Mimi nazila kila siku, tamu. Kumbe nazila na chai!"

Nanyokie ndiye aliyemfumbua macho. Kwa Marsela birika haliondoki jikoni, na kila karai alilionja kikombe kikiwa mkononi, chai ikaosha kila kitu. Mfugaji anayeswaga ng'ombe hana birika. Hutafuna kavu, njia nzima.

"Nilimwambia, mwanzo tamu, mwisho chungu, tena zinaganda kwenye meno," anasimulia Nanyokie. "Akaninunia wiki nzima."

Alinuna, ndiyo, lakini alipotulia akaweka kikombe kando. Akatafuna mpaka mwisho, akaukuta uchungu: maganda, na mafuta ya alizeti yaliyorudiwa mno. Siku hizi huloweka, humenya, hubadilisha mafuta. Makarai mawili ya kwanza hayakupita mtihani wa Nanyokie, yakaishia kwa kuku. Hili ni la tatu.

Nanyokie bado anatafuna. Anameza, anafumbua macho.

"Halafu?" anauliza Marsela.

"Halafu imekwisha." Na kiganja kinarudi, kinataka nyingine.

Marsela anacheka hadi anafuta macho kwa khanga. Mnada ni kesho, na anataka walewale waliomkwepa waonje tena, watafune mpaka mwisho mbele yake. Nanyokie anamkumbusha kwamba birika linachemka.

"Liache, yeyo," anasema Marsela, akifunga dengu kwenye karatasi. "Chai nitakunywa nikitoka mnadani."