Ibiskusi za Mdogo Wangu

Nilimwonea mdogo wangu wivu kwa sababu ya maua, na sitafuti neno la kulipamba jambo hilo. Tulikuwa majirani pale Rugenge, mtaa wa Uvira, mlango wangu ukitazamana na wake. Uhuru ulipofika na wazungu wakaanza kufunga masanduku, mume wake, aliyekuwa akitunza bustani ya mmoja wao, alirudi nyumbani na fungu la vijiti vya ibiskusi. Mwaka wa pili nyumba yao ilizungukwa na ugo wa maua mekundu, makubwa kama visahani.

Mama alikuwa akitoka kijijini kwake Makobola kila mwezi kuja kututazama. Zamani alifikia kwangu, maana mimi ndiye mkubwa. Tangu maua yale yachanue, akawa ananipita, anaweka mzigo wake kwa mdogo wangu na kukaa mbele ya ugo, akisema nyumba hii inacheka. Kwangu alilala tu mtoto wangu akishikwa na homa, kwa kuwa hiyo ndiyo desturi yake: hulala penye mgonjwa. Nakiri kuna miezi niliiombea homa ije.

Mwishowe nilimwomba mdogo wangu vijiti, shingo upande. Akanipa kumi, akanieleza taratibu, akiniita yaya, kama kwetu anavyoitwa dada mkubwa.

"Yaya, hii haiko muhogo. Usiilalishe. Uisimamishe, macho mbili ya kijiti ikae inje."

Nikajisemea anaficha siri yake. Nani wa kunifundisha kupanda kijiti, mimi niliyelima mihogo tangu utoto? Nikavilaza vyote, nikavifukia. Vikaoza, nami nikatangaza kisimani kwamba nilipewa vijiti vibovu.

Kisha uasi ukafika Uvira. Aliyewahi kufanya kazi kwa wazungu alikuwa akitafutwa, basi mdogo wangu na mume wake wakavuka mpaka wa Kavimvira kwenda Burundi. Siku ya kuondoka alinishika mkono akasema, "Yaya, unichungie lupango," yaani nimtunzie kiwanja chake na ugo wake.

Mimi na watoto tulipanda milimani pamoja na mama. Huko tulikokuwa tukila majani bila chumvi, mama hakuacha kuuliza kama ugo ule ungali umesimama. Tuliposhuka, hakuingia hata kwangu kutua mzigo. Alikwenda kwanza kutazama maua, akayakuta.

Kesho yake, alipokwenda ziwani kufua, nilichukua panga. Mimi natumia mkono wa kushoto, na kwetu walizoea kunitania kwamba hata kuni zangu nazikata zikiinamia upande usio wao. Niliukata ugo wote hadi usawa wa goti. Nilifurahi, nisidanganye. Mama aliporudi nilimwambia ni askari waliopita. Alikaa chini na beseni lake la nguo mbichi.

Mvua zikanyesha. Kila kisiki kikatoa machipukizi matatu, manne, na kila chipukizi likatoa maua. Mdogo wangu aliporudi kutoka Burundi, amekonda, ugo ulikuwa mnene hata kuku hapenyi. Mama akaanza kumsimulia habari za askari. Yeye akainama, akafunua majani, akapapasa kisiki kimoja na kingine.

"Askari hawakatake vile, mama. Hii ni mukono ya kushoto." Akanigeukia akitabasamu. "Bwana yangu alikuwa anaikata hivi kwa muzungu, kila mwaka. Minye niliogopa kuikata. Yaya, aksanti sana."

Akanikumbatia mbele ya majirani, naye alikuwa akilia. Hata hapo nilimwonea wivu, kwamba yeye aliweza kushukuru hivyo na mimi sikuwahi.

Mama hakunikumbatia. Alinitazama mkono wa kushoto, kisha akaingia ndani kwa mdogo wangu, akatoka na mzigo wake, akavuka njia.

"Leo ninalala kwako," akasema.

Nilimtandikia mkeka. Watoto wangu wote walikuwa wazima.