Choroko, Haragwe na Kokwa ya Tende

Mwaka ule wa michezo ya Asia, jirani yetu huku ughaibuni, mtaa wa Al Sadd, alikuwa askari wa lango kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Kesho yake wakubwa wake wangemuuliza mambo ya risasi ndogo: akijua, aingie kwenye chumba cha kiyoyozi kuzigawa, asipojua, abaki juani. Akaja jikoni kwangu, mimi bibi kizee anayeniita Shosho, kujifunzia kwa mbegu, kila punje akiipuliza kwanza kana kwamba inaunguza.

“Shosho, choroko ndiyo fupi, ya shabaha ya karibu, kelele kidogo. Haragwe ni ndefu, ya shabaha na sungura. Kokwa ya tende ni magnamu, yenye nguvu kuzidi zote, ya mbweha. Bunduki ya haragwe haili kokwa.”

“Na unene ni mmoja?”

“Karibu.”

“Sasa mbona haili?” Kichwa kiliniuma, mimi niliyewahi kumuua chui kwa mwiko.

“Chui gani tena?”

“Yule wa pili.”

Nikazivuruga zote. Akazipanga upya, akipuliza.

“Haya, ya kumuua mtu ni ipi?”

Kidole kikasimama juu ya haragwe. “Yoyote, Shosho.”

“Na hilo wataliuliza?”

“Hapana.”

Akaenda kunawa mikono, akaisugua sana. Nikabaki nayatazama maharagwe, sijui kama bado nitayapika.