Siku Niliyomshona Bi Salima

Bora niwaambie mwenyewe, kabla hamjasikia kwa watu wa kuongeza chumvi. Pale Tingi kuna nyumba moja ambayo nikiingia na kukaa mkekani, wanawake wote wanakusanya nguo zao na kuzibana mapajani, na hawatulii mpaka niwe nimeonyesha mikono yangu miwili kwamba haina kitu. Siyo wizi, jamani, mimi sijawahi kuiba hata kifungo cha shati. Ni sindano.

Naitwa Somoe, niko mapokezi katika nyumba ya wageni hapa Masoko, lakini kazi ya moyo wangu ni kudarizi. Wengine wakikaa bila kazi wanaangalia simu, mimi natoa uzi. Nyumbani kwangu hakuna kitu kilicho uchi: redio ina kitambaa, jagi la maji lina kitambaa, makochi yana vitambaa juu ya vitambaa, na mtungi wa gesi nimeushonea gauni lenye marinda (mume wangu aliwahi kuusalimia akidhani nimepata mgeni). Sikujifunza kwa mtu wala siuzi, napenda tu, na kupenda kwenyewe kumezidi, nakubali.

Sasa mdogo wangu Selemani akapenda naye, ila yeye alipenda mtu, Rehema wa Tingi. Rehema kalelewa na bibi yake, Bi Salima, na huyo bibi ndiye mwenye neno la mwisho pale nyumbani. Posa ya kwanza iliyoletwa kwa Rehema aliirudisha, na wala kijana hakuwa na kasoro, kasoro ilikuwa dada yake, ambaye walivyosimulia alikaa mbele za watu akichezeachezea mkufu wake na kutingisha mguu tangu mwanzo hadi mwisho. Bi Salima akasema mtu asiyeweza kutulia kwa muda mfupi hivyo, mjukuu wake ataishi naye vipi. Ndiyo maana Selemani, ambaye ananijua vizuri kuliko ninavyojijua, alinifuata hadi kazini akanishika mikono yote miwili mbele ya wateja.

"Dada, nakuomba," akasema. "Siku hiyo kaa tu. Usishike sindano."

Nikamwahidi. Na niliahidi kwa moyo mweupe kabisa, msinifikirie vibaya.

Kwetu sinia la posa hubebwa na dada wa kijana, likiwa limefunikwa, na bibi wa msichana ndiye anayelifunua kwa mkono wake mwenyewe huku wote wakimtazama. Kitambaa cha kufunikia nilikidarizi mimi, hiyo haina mjadala. Kilikuwa cha bafta nyeupe, maua madogo pembeni na ua kubwa jekundu katikati, na kwa kuwa bafta yenyewe ilikuwa nyepesi nikakitia bitana, na hiyo bitana ilikuwa gagulo langu jeupe, pekee nililonalo (gagulo linakaa ndani halionwi na mtu, kitambaa kinaonwa na ukoo mzima, sasa nyie mngechagua kipi). Hilo gagulo likumbukeni, tutalirudia.

Asubuhi ya safari kitambaa kilikuwa kimekwisha, kimepigwa pasi, kimekunjwa. Ningekiacha hapo leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini nikasema nikitazame mara ya mwisho kwenye mwanga wa dirisha, na nilipokitazama nikaona petali mbili za lile ua la katikati zina wekundu wa peke yake, kwa sababu uzi uliniishia nikanunua mwingine duka la pili. Nikamwonyesha mume wangu, akasema haoni tofauti. Nikamwita jirani, naye akageuza kitambaa huku na huku akasema haoni. Basi mimi badala ya kumshukuru Mungu kwa macho ya watu, nikazifumua zote mbili, nikijua nitazirudishia upesi kwa uzi ule wa kwanza (nilikuwa nimeupata umeviringika chini ya kitanda) kabla gari halijafika.

Gari likafika hapo hapo. Shangazi Fatu, ndiye aliyekuwa kiongozi wetu, hana kuchelewa, akaanza kuniita kutoka nje kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi. Nikatia kitambaa kwenye mkoba pamoja na uzi na sindano, fremu ya kudarizia haikuingia nikaiacha, mkasi nikausahau, sinia nikalifunika kanga kwa muda, nikavaa dera langu la bluu, na ndipo nilipokumbuka kwamba gagulo sinalo tena na dera ni jepesi kama chandarua. Nikavuta nguo ya kwanza iliyokuwa kwenye kamba. Ilikuwa bukta ya mpira ya mume wangu, ya kijani, ndefu hadi magotini, na ina namba tisa kubwa pajani. Nikajisemea ni ya ndani, nani ataiona.

Njiani sikuweza kushona maana Shangazi alikaa ubavuni kwangu. Tulipofika Tingi tukapokewa vizuri sana, wanaume wakabaki barazani, Selemani kati yao, amekaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho, sisi tukaingizwa ndani ambako mikeka ilikuwa imetandikwa na wanawake wamejaa, goti kwa goti. Tukatoa shikamoo, tukaitikiwa marahaba. Mimi nikawa natafuta pembe ya giza nijifiche na kazi yangu, lakini Bi Salima akapiga mkeka kwa kiganja, akaniita nikae pale ubavuni kwake, na sinia nikaliweka mbele yetu. Mtu wa kukaguliwa hakai pembeni.

Ni bibi mwembamba, macho makali, amejifunga kanga moja mpya na kujitanda nyingine ya zamani yenye mji wa zambarau katikati, na hiyo ya zamani niliambiwa mapema kwamba aliletewa na marehemu mumewe na huitoa siku kubwa tu. Kwa vile tulivyobanana, pembe ya kanga hiyo ikawa imeangukia pajani kwangu. Nikaiona. Nikasema hewala, nitakaa nayo kwa adabu.

Nikatulia. Wallahi nilitulia. Shangazi Fatu akaanza maneno yake marefu ya kujitambulisha, ukoo kwa ukoo, na mimi macho chini, mikono juu ya mkoba, na ndani ya mkoba ua langu halina petali mbili. Kila nikifikiria Bi Salima anavyoshika kitambaa kile na kukiinua mbele ya wanawake wote wale, jasho linanitoka. Ndipo shetani wa uzi akaninong'oneza kwamba mimi si ndiye ninayejisifia kila siku kuwa naweza kudarizi hata nikifumba macho? Nikatandaza mtandio wangu mapajani kama mtu mwenye haya zake, nikapitisha kitambaa chini yake, nikachoma sindano kwa kupapasa, huku uso wangu umemwelekea bibi na kuitika "naam, bibi" kila anapopumua.

Na nilifurahi, nisiwafiche. Bi Salima alikuwa akinisimulia alivyolima korosho na mumewe tangu mikorosho ikiwa miche, na hadithi yenyewe tamu, na sindano inakwenda. Petali ya kwanza nikaimaliza, nikazungusha kitambaa upande wake, nikaanza ya pili. Shangazi akanitupia jicho moja baya sana, nadhani alifikiri najikuna. Nikasikia sindano imekuwa nzito kidogo, nikajua ni ile bitana ya gagulo, nikaisukuma kwa nguvu. Nikapiga fundo maridadi. Mkasi sina, kwa hiyo nikainama ghafla kama mtu anayepiga chafya, nikakata uzi kwa meno, na Bi Salima akaniombea dua ya chafya kwa upole mpaka nikaona haya.

"Binti yako ametulia," akamwambia Shangazi. "Nimempenda. Haya, nipeni sinia langu."

Jamani, furaha niliyokuwa nayo. Nikasimama kwa madaha, nikavuta kitambaa juu kwa mikono miwili ili nikitandaze juu ya sinia, na dera likaja nacho. Likaja lote, hadi kiunoni, na mbele ya wanawake wa Tingi ikasimama bukta ya kijani namba tisa. Mimi nikadhani kitambaa kimenasa mahali, na badala ya kuangalia nikavuta tena kwa nguvu zaidi, na safari hii aliyekuja ni Bi Salima. Kanga ya marehemu ikamtoka mabegani, yeye akaishika, mimi nikavuta, yeye akavuta, akaniangukia miguuni, mguu wangu ukapiga sinia, na visheti vikatawanyika chumba kizima mpaka mlangoni.

"We mwana," akasema Bi Salima kutoka chini, "unanivua nguo?"

Kutoka barazani sauti ya mwanamume ikauliza kuna nini huko ndani, na Shangazi Fatu, ambaye sijapata kuona mtu mwenye uso mkavu kama wake, akajibu kwamba hakuna kitu, tunakabidhiana.

Wakatukalisha tena, maana kutembea hatuwezi, tukakaguliwa mimi na bibi kama mzigo ulioungana. Petali ya kwanza ilikuwa imeshika dera langu. Ya pili ilikuwa imeshika kanga ya Bi Salima. Na kwa kuwa mimi nashona kwa kubana, mshono wa kujaza, nyuzi mbilimbili, hapakuwa na hata nafasi ya kupitisha ukucha. Mtu mmoja akaleta wembe. Bi Salima akaikumbatia kanga yake, akasema haiguswi na wembe, hata kama atazikwa na mimi nimening'inia.

Nilimfikiria Selemani pale nje na mgongo wake ulionyooka. Nikatamani kulia, nikaona kulia nako ni kukosa utulivu. Nikauchukua wembe nikakata dera langu mwenyewe, duara zima kuzunguka ile petali, sahani ya chai inapita, na nikabaki na dirisha pajani ambamo namba tisa ilichungulia. Mimi nikawa huru. Bi Salima akabaki na kitambaa kinaning'inia kwenye kanga yake, na kipande cha dera kinaning'inia kwenye kitambaa. Nikapiga magoti nikamwomba radhi, nikamwambia ukweli wote, petali, wekundu, hata gagulo, na kwamba mdogo wangu alinikataza, hana kosa.

Bi Salima akaligeuza lile ua, akalitazama mbele na nyuma, muda mrefu. Kisha akawaambia wenzake maneno ya Kimatumbi, na chumba kikaangua kicheko mpaka wengine wakajilaza mkekani. Maneno yenyewe mpaka leo hakuna aliyekubali kunitafsiria. Halafu akanigeukia.

"Kesho urudi unifumue, uzi kwa uzi, bila wembe," akasema. "Na huyo mdogo wako aje na wazee wake tupange siku. Mtu niliyeshonwa naye nitamrudisha vipi?"

Tulirudi Masoko na posa imekubaliwa, na ndani ya gari hakuna aliyenisemesha isipokuwa Selemani, aliyeniuliza kwa nini nina tundu kwenye dera na mbona linaonyesha bukta ya shemeji. Nikamwambia aoe tu, asiulize.

Kesho yake nilikwenda nikafumua kanga kutwa nzima, na haikupata hata alama, alhamdulillahi. Lakini nilipotaka kutoa na kipande cha dera, Bi Salima akanikatalia. Kitambaa akakitundika ukutani, hapo hapo pa kupokelea wageni, bitana ya gagulo inachungulia upande mmoja, kipande cha dera la bluu kinaning'inia katikati, na kila mgeni akiuliza, nguo zangu za ndani na za nje zinasimuliwa upya, mimi nikiwepo au nisiwepo. Selemani na Rehema wameshaoana, na wakinialika huko, shemeji Rehema anaupekua mkoba wangu mlangoni kabla hata ya salamu.

Nimeapa kutoshika sindano mbele ya mtu aliyevaa nguo, na kiapo hiki nakishika. Ila kuna jambo linalonitafuna. Lile ua mpaka leo lina petali moja pungufu, ile niliyoifumua kwenye kanga. Wageni wote wanaoingia nyumba ile wanauliza dera, wanauliza gagulo, na hajatokea hata mmoja akauliza petali. Naiona mimi peke yangu. Uzi wa wekundu ule ule ninao nyumbani, umebaki wa kutosha kabisa, na kila nikikaa chini ya ule ukuta nakalia mikono yangu.