Biharusi, Somo na Gari la Viti Viwili

Juzi nilikwenda ofisi ya kukodisha magari, Wembley, kutafuta gari la kuhamishia vitu vyangu vya chuo. Mbele yangu kijana wa Kizanzibari alikuwa akichagua gari la harusi yake katika katalogi ya Waitaliano ya mwaka huu wa tisini na tatu. Mchumba wake alisimama kando, pamoja na shangazi yake msichana.

"Hili hapa," kijana akasema, akigonga picha ya gari jekundu, pana, lenye mbavu milangoni. "Silinda kumi na mbili!"

"Viti?" shangazi akauliza.

"Viwili."

"Na somo wake, kungwi aliyemfunda, atakaa wapi? Tangu lini biharusi akatoka kwao bila ya somo?"

Kijana akafunua. Lile dogo, viti viwili. Lile la kasi zaidi, viwili. Jipya la viti vinne akalipita mbio. "Hilo la wazee, shangazi."

Nikachemka. Wanampangia mtu safari kama sanduku, naye yupo hapo hapo! Nilishapanga hotuba, hoja na hitimisho, biharusi alipofungua mkoba akaweka leseni yake ya udereva juu ya kaunta.

"Chukua hilo jekundu," akasema kwa upole. "Ntaendesha mimi, somo atakaa ubavuni mwangu."

"Na mimi?" kijana akauliza.

"Mabasi si yapo?"

Shangazi akaziba mdomo kwa mtandio. Hotuba yangu nilirudi nayo nzima. Kijana alikuwa akifunua kurasa kinyumenyume, akilitafuta gari la wazee.