Mumbua na Mteremko wa Kavutini

Mtu akikuambia kuendesha baiskeli ni raha, muulize kama amewahi kuvuka Kavutini. Mumbua alivuka mlima huo mara tatu kwa wiki, mwaka mzima wa themanini, na hakuna siku aliyosema ni raha. Kupanda, alisukuma baiskeli saa nzima, jua likimchoma utosi. Miiba ya migunga ilimpa pancha mbili kila safari. Nyani walimwibia chakula, kisha wakakaa juu ya mwamba wakila huku wakimtazama, wafidhuli wakubwa.

Lakini kupanda ni afadhali. Shida ilikuwa kushuka. Breki za baiskeli ile ya kiume, aliyoachiwa na marehemu mumewe Muli, zilishika zikitaka. Kwa hiyo kule juu Mumbua alikata tawi lenye majani, akalifunga nyuma ya keria kwa kamba ya katani, akashuka nalo likiburuta chini na kumpunguzia kasi. Wanaume wa huko wote walishuka hivyo na hakuna aliyewashangaa. Aliposhuka yeye, wakasema mjane wa Muli ameingiwa na wazimu.

Ng'ambo ya mlima kulikuwa na darasa la ngumbaru alilolifundisha: wanawake kumi na tisa, wengi wao nyanya wenye wajukuu, waliokataa kuzeeka bila kusoma. Kwa miguu, kwenda na kurudi kungekula siku nzima, na shamba angelima nani? Bila baiskeli, hakuna darasa. Mkubwa wao alikuwa Syombua, aliyekuwa tayari anasoma Zaburi akifuata kwa kidole. Binti yake ndiye mke wa Jonah Nzuki, mzee wa kanisa upande wa akina Mumbua. Jonah hakuwa amemkaribia mama mkwe huyo tangu siku ya harusi. Akimwona njiani, aliingia kichakani mpaka apite. Ndiyo nthoni, heshima ya Wakamba kwa wakwe, na enzi hizo hata wazee wa kanisa hawakuthubutu kuivunja.

Basi siku moja ya Agosti kamba ikakatika kwenye kona ya mwisho. Tawi likabaki nyuma, breki zikakataa kabisa, na Mumbua akaenda mbio mpaka akaingia kichakani, mbele ya Jonah na wazee wenzake wawili waliokuwa wakipita. Rinda lilichanika mpaka juu ya goti. Jonah alijifunika uso kwa kofia.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema, kofia bado usoni.

"Guu halijavunjika, mzee," Mumbua alijibu, akijizoa. "Limechubuka tu. Nisaidie kunyoosha usukani."

Hakuna aliyemsaidia. Wiki iliyofuata aliitwa mbele ya kamati ya kanisa kujibu shtaka la kupanda chuma kama mwanamume na kuwaonyesha wazee paja. Paja, jamani. Lilikuwa goti, tena lenye damu.

"Mliona ngozi kabla ya kuona damu," aliwaambia. "Nani hapo anapaswa kutubu?"

Jonah alimpa njia mbili. Aiache baiskeli, au akae benchi la nyuma miezi sita, bila Meza ya Bwana.

Hapo ndipo Mumbua alipoumia kweli. Tangu abatizwe akiwa msichana hakuwahi kuikosa Meza. Muli alipokufa, mkate ule mdogo na kikombe kile ndivyo vilivyomsimamisha tena. Aliwatazama wazee mmoja mmoja.

"Nitakaa nyuma," alisema.

Alhamisi alipanda Kavutini akilia, akashuka na tawi lake. Wanafunzi waliona macho mekundu, wakauliza, akawaeleza. Syombua aliweka penseli chini.

"Terasi ya shamba la mmoja tunachimba sote," alisema. "Hiyo ndiyo mwethya. Benchi nalo je?"

Jumapili ya Meza, Mumbua aliketi peke yake kwenye benchi la nyuma, mikono mapajani. Wimbo wa pili ulipokuwa ukiimbwa, mlango ukafunguka. Waliingia wote kumi na tisa, miguu myekundu kwa vumbi la mlima, wakazipita nafasi zote wazi za mbele. Walibanana naye, na waliokosa nafasi wakakaa sakafuni. Syombua alikaa ubavuni mwake.

Jonah alikuwa akipitisha sahani ya mkate. Alifika benchi la tatu kutoka mwisho, akainua macho, akamwona mama mkwe. Akasimama hapo hapo. Mbele hawezi, na kurudi na mkate wa Bwana hawezi.

Syombua hakumtazama. Mkwe haambiwi neno usoni, kwa hiyo alisema na Mumbua, ila kwa sauti ya kusikika hadi mimbarani. "Mwalimu, mwambie mwenye sahani kwamba sisi ni washirika, tumevuka mlima kwa miguu, na mwalimu wetu asipokula hatuli."

Kanisa zima likageuka. Mchungaji Kivuva, mtu mpole, alishuka polepole na kuichukua sahani mikononi mwa Jonah. Akasimama mbele ya Mumbua.

"Baiskeli utaiacha?"

"Siiachi, Mchungaji. Hata mkininyima mpaka nife."

Mchungaji akamwinamishia sahani, wa kwanza katika benchi lile. Mumbua alichukua mkate na kushindwa kuumeza kwa kilio.

Baada ya ibada Syombua alisema magoti yake yameisha, hapandi Kavutini tena kwa miguu. Mumbua akampakia kwenye keria, kiupande, Biblia mapajani, wakatoka. Mbele yao njiani alikuwa Jonah, suti nyeusi, akitembea katikati ya barabara kama mwenye mali. Mumbua akapiga kengele. Jonah akageuka na kidole juu, tayari kukemea, akaona ni nani aliyepakiwa.

Aliingia kwenye miiba na suti yake, akawapa mgongo, akasubiri. Mumbua hakuhitaji kupiga kengele mara ya pili.