Kilo Moja ya Senge Rodah

"Senge, ile kilo moja unatoa kwa kila gunia huwa inaenda wapi?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la nne. Senge Rodah, dada ya baba, alikuwa karani wa mizani kwenye kituo kimoja cha kununulia majani chai, upande wa Kaplong. Gunia likisoma kilo kumi na nane, aliandika kumi na saba. Ile moja ilitolewa eti ya uzito wa gunia na umande, hata jua likiwa limewaka tangu asubuhi.

"Hayo maswali yako itakuletea shida," alisema. "Nani anafuata?"

Baadaye akaacha mizani. Alitaka kuwa wakala wa forodha, yule anayewajazia watu karatasi za mizigo ili ivuke mpaka. Ofisi moja ya Kisumu ilimwahidi kazi, ila kwanza apate leseni, na leseni ina mtihani. Mara ya kwanza alianguka. Akianguka tena, nafasi inapewa mwingine.

Alisoma mpaka akakonda. Akikamua ng'ombe, mimi namshikia kitabu.

"Uzito wa jumla?"

"Mzigo pamoja na magunia."

"Uzito halisi?"

"Mzigo peke yake. Hata hii ng'ombe inajua!"

Siku ya mtihani alirudi akitabasamu. Akawa anatusimulia swali la mchele: magunia mia mbili, uzito halisi kilo elfu kumi. Ghafla kikombe kikasimama hewani.

"Nimetoa kilo mia mbili."

"Za nini?"

"Za magunia."

"Lakini Senge, si walisema uzito halisi?"

"Mkono ndio ulitoa. Mimi hata sikufikiria."

Baba akacheka. "Rodah, yaani umeenda kupunja mpaka mtihani?"

Alicheka peke yake.

Tulingoja wiki sita. Simu ikilia, Senge anaiacha mezani, anatoka nje kufagia pahali pameshafagiwa. Ujumbe ulipofika tulikuwa shambani tukichuma chai. Alinipa simu, akafumba macho.

"Umepita, Senge. Alama tatu tu juu ya ile ya kupita."

Aliketi chini, katikati ya michai.

Sasa niko kidato cha tatu. Desemba alikuja nyumbani kutoka Kisumu, tukapita pale kituoni, wakulima wamepanga foleni na magunia yao. Nikamuuliza tena ile kilo ilikuwa inaenda wapi. Aliitazama mizani.

"Ilikuwa yao," akasema. "Niliitoa miaka tisa bila hata kuangalia gunia. Siku ilipotaka kunitoa mimi kwenye mtihani, ndio nikaiona."