Kofia Aliyoishona Ndani ya Mashine

Mjomba wangu Mundhir wa Kiponda alikuwa na desturi moja: kila aliyeoa binti yake alivaa siku ya nikaha kofia ya viua, yenye urembo wa vitundu vidogo, iliyoshonwa na mkwewe mwenyewe. Kila kitundu alikitoboa kwa sindano, akakizungushia uzi, midomo ikihesabu. Mkono wake ulipoanza kutetemeka aliubana kwa magoti, akaendelea. Mwaka 2003 mkono ukamshinda, kofia ya Nadir, mchumba wa bintiye Reem, ikiwa nusu.

“Mpe fundi mwenzako Mcha akumalizie,” alishauriwa.

“Mikono ya watu wawili kofia moja? Itaonekana hata gizani.”

“Basi Nadir ataoa nusu kichwa wazi,” akasema mkewe, Bi Wanu.

Mwaka uliofuata mwanawe Talal, aliyekuwa akiishi London, alimpeleka hospitali ya huko. Mimi nilifuatana na mjomba kuwa mkalimani. Madaktari walimpitishia nyaya nyembamba za umeme ubongoni, wakaweka betri chini ya ngozi ya kifua. Mkono ukatulia. Lakini kofia aliyokuja nayo ilibaki ndani ya begi.

“Na kama mkono umepona, kazi nshaisahau?” aliniambia. “Bora nisijue.”

Baadaye daktari mmoja aliomba kumpiga picha za ubongo, betri ikiwa imewashwa, kisha imezimwa, ajue umeme ule unabadilisha nini. Katika picha ya kwanza alitakiwa alale tuli ndani ya mashine, asifanye lolote. Nikamfasiria hivyo hivyo.

Picha ilipotoka, daktari alikunja uso. Sehemu zinazopanga kazi za mkono zilikuwa zimewaka, na mkono wenyewe haukusogea. Akataka nimuulize alikuwa akifanya nini.

Mjomba alitazama miguu yake. “Nlilala tuli, kama mlivyosema. Nkaona wakati unapita bure. Nkashona.”

“Umeshona nini, mjomba?”

“Kofia ya Nadir. Nlikuwa nshafika safu ya tatu.”

Nilipofasiri, daktari alicheka mpaka akavua miwani. Ilibidi picha ile irudiwe, na safari hii nilimkataza waziwazi kushona.

Kabla hatujaondoka mjomba aliomba aonyeshwe tena picha iliyoharibika. Akaweka kidole pale palipowaka.

“Kumbe kazi bado imo,” akasema.

Tulipofika kwa Talal, mjomba alifungua begi akatoa sindano.

Siku ya nikaha Nadir alivaa kofia nzima. Safu moja ilikuwa imepinda kidogo, na Bi Wanu alimwonyesha kila mgeni.

“Hapo,” alisema, “ndipo aliporudi kazini.”